Dirisha la Sahani

Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi, ndege ndogo nyeupe ilitua kwenye kiwanja cha ndege cha kaunti, nje kidogo ya mji wa Lindahl, Dakota Kusini. Watu wapatao hamsini walikuwa wamesimama kwenye uzio wa waya, makoti mazito mwilini na kofia za kijani za timu kichwani. Hakuna aliyewaalika. Waliifuata ndege hiyo kwenye simu zao tangu iliporuka Texas, kwa sababu ikifika Desemba na timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo haina kocha mkuu, watu wa Lindahl hufuatilia ndege kama wanavyofuatilia mvua mwezi Juni.

Waliopita upande wa pili wa uzio tulikuwa watatu, ndio kamati. Wa kwanza alikuwa Desmond Rucker, mkurugenzi wa michezo wa chuo, aliyehamia kwetu kutoka Atlanta mwezi Julai. Wa pili, Arlys Tjaden, mwakilishi wa mashabiki, mjane anayekaribia miaka themanini, ambaye pia ndiye msimamizi wa jiko la kanisa letu la Kilutheri. Wa tatu nilikuwa mimi, Solveig Aamodt, mwalimu wa takwimu, niliyeketi pale kwa niaba ya walimu. Jina ambalo wawili kati yetu wangelikubali, rais wa chuo angelitia sahihi.

Trent Maddigan alishuka ngazi za ndege bila kofia, ingawa baridi ilikuwa ya kugandisha kope. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Suruali yake ilikuwa mpya. Viatu vyake vilikuwa vya kazi za shambani, ngozi imechanika kwenye ncha. Alitupita sisi kamati, akaenda kwanza kwenye uzio kuwasalimia watu.

"Kocha, unajua kukamua ng'ombe wewe?" mwanamume mmoja alimpigia kelele.

"Kwa mkono au kwa mashine?"

Uzio mzima ukacheka. Arlys naye akacheka, akanisukuma kwa kiwiko.

"Huyu amelelewa."

"Au amefundishwa," nilisema.

"Wewe Solveig, hata malaika Gabrieli akikushukia utamdai cheti cha kuzaliwa."

Nilikuwa na sababu. Kocha aliyetangulia alituambia kwa miaka mitatu kwamba Lindahl ndiyo nyumbani kwake, kisha Novemba akahamia chuo kikubwa zaidi, na wachezaji walizipata habari hizo kwenye simu zao wakiwa ndani ya basi, wakirudi kutoka mchezoni. Baada ya hapo Rucker alisimama mbele ya waandishi wa habari akaahidi kwamba safari hii tutaajiri kocha anayebeba maadili ya mashabiki wetu. Lilikuwa jambo la hatari kuahidi. Ushindi hupimwa kwa pointi. Maadili huonekana tu, na kinachoonekana huweza kuigizwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Kocha mkuu mpya huja na watu wake. Timu ilikuwa mikononi mwa Verlyn Huisman, kaimu kocha, ambaye ameongoza safu yetu ya ulinzi uwanjani kwa miaka kumi na tisa, tena kwa mingi ya miaka hiyo ulinzi wake ulikuwa bora kuliko timu yenyewe. Akiajiriwa mtu wa nje, Verlyn na wasaidizi wenzake wanne wangefungasha vitu vyao kabla ya Krismasi. Mimi ningempigia kura Verlyn. Lakini jina lake halikuwa mbele yetu. Rucker alisema alimwuliza, naye hakuitaka kazi.

*

Mchana tulimpeleka Maddigan kula katika ukumbi wa chini ya kanisa. Kila anayetafuta kazi hiyo hupelekwa pale, na hudhani anapelekwa kwa ajili ya chakula.

Ukweli ni kwamba anatazamwa. Pale hakuna wahudumu. Ukimaliza kula unabeba sahani yako, unafuta makombo, unaipitisha kwenye dirisha la jiko, unamshukuru aliye ndani. Hakuna tangazo ukutani. Wakati mmoja, kabla sijawa mwenyeji hapa, tulikuwa na kocha aliyeshinda karibu kila mchezo lakini siku ya kwanza aliacha sahani mezani. Alipofukuzwa, miaka sita baadaye, watu walisema sahani ile ilishatabiri. Mimi sisemi ilitabiri. Nasema tu kwamba tangu wakati huo kipimo hicho kimekuwapo, mji mzima unakijua, na kanuni yake ni moja: mgeni haambiwi.

Maddigan aliketi kati ya Rucker na mimi. Mwanamke mmoja wa jikoni alikuja na birika.

"Kahawa, Kocha?"

"La, usijisumbue, mama."

"Ipo tele."

"Niko sawa kabisa, asante."

"Hata kidogo?"

"Haya, kama imeshachemshwa, nitie kidogo."

Mwanamke alimimina, uso wake ukang'aa. Hivyo ndivyo sisi tunavyokunywa kahawa. Unakataa mara mbili ili usionekane mroho. Anayekukaribisha anarudia mara ya tatu ili ujue karibu yake ni ya kweli. Hapo ndipo unakubali. Aliyekubali mara ya kwanza hafukuzwi, lakini hasahauliki. Rucker alikubali mara ya kwanza mwezi Julai, na tangu siku hiyo wazee wanamwita Bwana Ndiyo. Yeye anadhani wanamsifu kwa kuwa ni mtu wa ushirikiano.

Sijawahi kumwona mtu wa Texas akikataa kahawa mara mbili, tena siku yenye baridi vile.

Alikula viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa pamoja, akaongeza. Alizungumza na mkulima mmoja juu ya bei ya mtama, akasikiliza zaidi ya alivyosema. Kisha akainuka, akachukua sahani yake. Meza za jirani zilinyamaza. Uma za watu zilisimama hewani.

Aliifuta makombo. Akageuka, akaenda moja kwa moja, kwa uhakika, hadi ukuta wa mashariki. Pale hapakuwa na dirisha. Palikuwa na ubao wenye picha za waumini waliofariki mwaka huu. Maddigan alisimama mbele ya nyuso hizo na sahani mkononi, kama mtu aliyefika kituoni akakuta reli zimeng'olewa. Kisha akasikia vyombo vikigongana upande wa kaskazini, akageuka, akaiona nafasi iliyo wazi, akacheka, akaipitisha sahani.

"Asanteni, akina mama. Nilipotea kidogo."

Meza zote zikapumua. Mtu akapiga kofi moja mezani. Machozi yalimlengalenga Arlys.

Mimi sikupiga kofi. Dirisha la jiko lilikuwa ukuta wa mashariki hadi Aprili. Aprili jiko lilijengwa upya, dirisha likahamishiwa kaskazini. Mtu asiyejua lolote huangalia wenzake wanakwenda wapi, au huuliza. Maddigan hakuangalia wala hakuuliza. Alikwenda mahali ambapo dirisha lilikuwa.

Kwa hiyo aliambiwa. Tena aliambiwa na mtu ambaye hakujua kwamba dirisha limehama.

*

Kwanza nilimshuku Rucker. Alimtaka Maddigan waziwazi, na mkurugenzi ambaye mtu wake anashangiliwa huonekana mwenye macho. Lakini Rucker alifika Julai. Dirisha analolijua yeye ni hilo la kaskazini tu. Na mtu ambaye bado hajui kwa nini anaitwa Bwana Ndiyo hawezi kumfundisha mwenzake kukataa kahawa.

Arlys ndiye aliyesimamia ujenzi wa jiko. Yule kocha aliyetukimbia alikuwa akila pale hadi wiki ya mwisho, na alijua dirisha liko wapi. Nilipita jina baada ya jina. Nilihitaji mtu aliyezaliwa katika desturi zetu, anayeweza kuzungumza na Maddigan au wakala anayemtafutia kazi, na ambaye hajashuka katika ukumbi ule tangu Aprili. Katika mji wetu, ambako kila ndoa, ubatizo na mauzo ya keki hufanyika chini ya kanisa, mtu wa namna hiyo ni nadra.

Nilimpata mmoja. Nilipitia hoja yangu upya nikitafuta kosa, kwa sababu nilitaka liwemo. Halikuwemo.

Jumatano asubuhi nilikwenda ofisini kwa Verlyn Huisman, chini ya majukwaa ya uwanja. Alikuwa akitazama mchezo uliopita kwenye runinga, sauti imezimwa.

"Profesa. Keti. Sogeza hizo kofia."

"Maddigan alipeleka sahani yake jana," nilisema.

"Vizuri."

"Aliipeleka ukuta wa mashariki."

Aligeuka kunitazama. "Si ndiko liliko dirisha?"

"Lilihamishwa Aprili."

Kwenye runinga wachezaji wake walimwangusha mtu, wakainuka, wakapeana mikono. Verlyn aliizima.

"Sikujua," alisema. "Sijashuka kule tangu Februari."

Nilijua. Februari sote tulikula kule chakula cha mazishi ya Ardith, mkewe.

"Kwa nini, Verlyn?"

"Wakala wake alinipigia. Alitaka kujua Lindahl wanapenda nini. Nikamwambia siongei na wakala, anipe mwenye shida. Maddigan akanipigia mwenyewe. Nikamwambia kuhusu kahawa na sahani. Yeye akaniahidi kwamba atawabakiza vijana wangu wote wanne. Watoto wao wanasoma hapa. Mmoja ameweka paa jipya mwezi wa tisa."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshazeeka."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

Niliangalia kofia ngumu zilizopangwa sakafuni, kila moja na mikwaruzo yake. Kulikuwa na swali moja lililobaki.

"Rucker alikuuliza kama unaitaka kazi?"

"Aliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema wapo wanaofaa kuliko mimi."

"Kisha?"

"Kisha akasema asante kwa ukweli wako, akanishika mkono, akaenda zake." Verlyn alisugua goti lake. "Nilidhani atarudi."

"Aliuliza mara moja?"

"Mara moja."

"Ungempigia simu."

"Nimwambie nini? Kwamba najitaka mwenyewe?" Alilisema kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuiba.

Niliinuka. Mlangoni akaniita.

"Profesa. Wakikuuliza ni nani, waambie."

*

Maelezo ya mtu juu ya nafsi yake si ushahidi. Huenda Verlyn alijiombea nafasi na akaona haya kuniambia. Mchana huo nilimpigia Maddigan, aliyekuwa amesharudi Texas, nikamweleza nilichokijua. Hakukana.

"Profesa, ukienda kuposa, si unauliza kwanza baba mkwe anapenda nini?"

"Unauliza. Huvai viatu vyake."

Akacheka. "Viatu vile ni vya kaka yangu, kusema kweli. Lakini sikudanganya popote. Sahani niliibeba. Kahawa niliinywa. Mlitaka mtu anayefanya hivyo, nikafanya."

Nalitaja hilo hapa kwa sababu lilikuwa na uzito.

"Huisman aliomba nini kwa ajili yake?"

"Hakuomba kitu. Mimi ndiye niliyemwomba abaki aongoze ulinzi, maana ni kichaa tu anayeweza kumwacha yule mzee aondoke. Akasema hapana. Nikamwambia tena. Akasema hapana, tafuta kijana."

"Hukumwuliza mara ya tatu?"

"Mtu mzima amekwambia hapana mara mbili. Kwa nini nimwulize mara ya tatu?"

Nilimshukuru nikakata simu. Mtu aliyekataa kahawa mara mbili mbele ya mji mzima hakuwa na habari kwa nini alikataa.

*

Alhamisi alasiri tulikutana ofisini kwa Rucker. Nilieleza kwa mfuatano: kahawa, sahani, ukuta wa mashariki, Aprili. Rucker alisikiliza mikono imekunjwa.

"Kwa hiyo mtu amejiandaa kwa usaili," alisema. "Hilo ndilo kosa? Aliipeleka sahani, Bi Arlys. Ulikuwa karibu kulia, nilikuona."

"Nilikaribia kulia kwa sababu nilidhani hajui tunamtazama," Arlys alisema. "Akijua anatazamwa, hata paka hunawa mikono."

"Nani alimwambia?" Rucker akauliza.

Nilisema. Arlys alishusha kikombe chake taratibu hadi kikagusa meza.

"Verlyn? Verlyn Huisman?"

"Mwenyewe amekiri. Aliuza kipimo kwa nafasi za wasaidizi wake wanne. Kwake hakuomba kitu, Maddigan amethibitisha."

"Basi tumemaliza," Rucker alisema. "Mmoja alijiandaa, mwingine alitoa siri. Kati ya hao wawili mimi namchukua aliyejiandaa. Isitoshe, Huisman nilimwuliza, hakutaka."

Arlys aligeuza kiti chake kizima. "Ulimwuliza mara ngapi?"

"Unasemaje?"

"Mara ngapi, baba? Moja, mbili, tatu?"

"Moja. Alijibu waziwazi. Alisema wapo wanaomshinda."

"Mara moja!" Arlys alinitazama mimi, kana kwamba nilikuwepo nikashindwa kuzuia. "Ndiyo maana wanakuita Bwana Ndiyo."

"Wananiita hivyo kwa sababu—" Rucker alinyamaza. Nilimwona akirudi Julai, kwenye birika la kwanza, na kwenye kila birika lililofuata. Kisha akamwita katibu wake amlete Verlyn.

Verlyn aliingia ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Hakuketi.

"Ni kweli?" Arlys alimwuliza.

"Ni kweli. Nilimwambia."

"Wewe! Ardith angekuvuta masikio."

"Angenivuta."

Arlys alitazama dirishani, kule uwanja ulikolala chini ya theluji. Sauti yake ilipotoka ilikuwa kavu. "Unaitaka kazi hii, Verlyn?"

"Nimevunja kanuni, Arlys. Mpeni yule kijana, mradi awatunze wenzangu."

Hiyo ilikuwa hapana ya pili. Arlys alifunga midomo, na nikaelewa kwamba hatauliza tena: alikuwa na hasira, na haki ya kuwa nayo. Rucker alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Julai alijua kinachosubiriwa, na alijua pia kwamba kikitoka kwake hakitakuwa na maana, kwa sababu yeye hakumtaka Verlyn.

Nilipima niliyoyajua. Mtu huyu alitoa siri ya mji. Aliitoa kwa ajili ya watu wanne, yeye si mmoja wao. Alipoulizwa alisema kweli, kabla hajajua kama itamponza. Maddigan alikuwa na kila tendo letu kasoro sababu yake. Bado sikuwa na uhakika. Uhakika haukuwemo katika chumba kile.

"Verlyn," nilisema, "unaitaka kazi hii?"

Aliitazama kofia yake, ndani, kama imeandikwa kitu.

"Ndiyo," alisema. "Naitaka."

Akatoka nje tupige kura. Arlys aliinua mkono, si haraka. Nami nikainua. Rucker hakuinua. Aliomba kumbukumbu za kikao zionyeshe kwamba kazi amepewa mtu aliyetoa siri, na kwamba yeye alipinga. Tukaandika hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kisha akampigia simu Maddigan yeye mwenyewe, mbele yetu, akamweleza bila kuzunguka.

*

Ijumaa mchana Verlyn Huisman alishuka ngazi za ukumbi wa chini ya kanisa. Tangazo lilikuwa limetoka asubuhi. Baadhi ya watu walisimama kumpa mkono, wengine walibaki kwenye viti vyao; habari ya sahani ilikuwa imeenea, kama ilivyo kila habari Lindahl. Aliketi pembeni na wasaidizi wake wanne. Kahawa ilikuja. Alikataa mara mbili.

Alipomaliza kula aliifuta sahani, akainuka. Meza zilinyamaza, ingawa hapakuwa na kipimo tena. Alikwenda ukuta wa mashariki.

Alisimama mbele ya ubao wa picha muda mrefu kuliko Maddigan. Picha ya Ardith iko safu ya juu.

Kisha Arlys, aliyekuwa ndani ya jiko, akagonga ukingo wa dirisha la kaskazini kwa mwiko.

"Huku, Kocha."

Verlyn akageuka, akavuka ukumbi, akampa sahani.